Twiga wa Malindi na Amri ya Mbingu

Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle wa China. Watu wa ikulu wakamwita qilin, mnyama wa hadithi za kale ambaye hujitokeza pale tu nchi inapokuwa na mtawala mwema. Yongle alikuwa amemnyang'anya kiti mtoto wa kaka yake kwa vita, mwaka 1402. Ishara ya namna hiyo alikuwa akiihitaji.

Haja hiyo ina mizizi ya karibu miaka 2,500 kabla yake. Wafalme wa Shang, ukoo uliotawala katika bonde la Mto Manjano, walipiga ramli kwa kuunguza magamba ya kasa na mifupa ya ng'ombe, kisha wakasoma nyufa zake. Waliuliza habari za mvua, za vita, hata za jino linalouma. Maelfu ya mifupa hiyo yamefukuliwa Anyang, mji wa China. Mfalme ndiye aliyekuwa mlango wa kuwafikia mababu, na mababu walikuwa wake yeye. Mamlaka yalikuwa ya damu.

Kisha, mnamo 1046 KK hivi, Wazhou waliokuwa chini ya Shang wakawashinda mabwana wao katika vita vya Muye. Ikiwa utawala ni wa damu, basi hawa wapya walikaa kitini kwa haki gani? Walijibu kwamba Mbingu humpa amri ya kutawala mtu mwadilifu, na humpokonya anayewatesa watu. Shang nao, walisema, waliipata vivyo hivyo kwa kuwaangusha Xia, ukoo uliotawala kabla yao.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie kidogo. Hoja iliyowapa Wazhou kiti iliwafunga wao pia, nao walilijua hilo: maandishi yao ya mwanzo yanaonya kwamba Amri ya Mbingu haikai mahali pamoja siku zote. Karne nyingi baadaye mwanafalsafa Mencius aliulizwa kama ni halali mtumishi kumuua mfalme wake, kama alivyofanyiwa yule wa mwisho wa Shang. Akajibu kwamba amesikia habari za kuuawa kwa mtu mwovu, si za kuuawa kwa mfalme.

Mwaka 178 KK jua lilipatwa, jambo lililoonekana kuwa onyo la Mbingu kwa mtawala. Mfalme Wen wa ukoo wa Han akatangaza kwamba kasoro za utawala ni zake, akataka aambiwe makosa yake bila kufichwa.

Hata leo Wachina huyaita mapinduzi geming. Maana yake ya asili ni kubadilishwa kwa Amri.