Huyo mbwa ana mwenyewe

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu mwenye pesa na nia njema: "Dokta, hawa mbwa wa barabarani hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kwa nini tusiwakusanye mahali pamoja, halafu watu waje kuchagua wa kufuga?" Kabla yake alinijia kiongozi mmoja wa mtaa akitaka sumu. Mmoja ana huruma, mwingine ana hasira, lakini kosa lao ni lilelile: wote wawili wanaamini kwamba mbwa anayetembea peke yake hana mwenyewe.

Anaye! Si wote, lakini walio wengi wanaye. Usiku mbwa analinda, alfajiri mlango wa parsele, yaani kiwanja chenye nyumba, unafunguliwa, watoto wanaenda masomo, naye anatoka. Pita mitaa ya Mabanga au Katoyi uangalie nyua zetu: mbao zilizoachana, mawe ya volkano yaliyopangwa bila sementi. Mbwa gani atashindwa kupita hapo? Anazunguka kwenye takataka za soko la Virunga, anawapitia wauza nyama wa Birere, jioni anarudi kula bugali na vichwa vya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Hana ukanda shingoni, mbavu zinahesabika, masikio yana upele. Mpita njia anamwona mbwa wa barabarani. Mtoto wa parsele ya tatu anamwita Simba, na Simba anakuja mbio. Watafiti waliohesabu mbwa Tanzania na Chad walikuta jambo hilohilo: wengi wa wanaozurura wana nyumba wanakolala.

Kumbukeni Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22, na alfajiri ya tarehe 27 ikatoka amri ya kuhama. Watu wakaelekea Sake, Rutshuru na Gisenyi na magodoro kichwani, mbwa wakabaki. Mtu ambaye angewahesabu siku zile angeandika kwamba Goma imejaa mbwa wasio na mwenyewe, na wenyewe walikuwa Sake wakiuliza kama parsele bado ipo na kama mbwa yupo.

Sumu nitaipitia haraka, kwa sababu jibu lake linajulikana. Anayekula nyama ya sumu kwanza ni yule aliyezoea kupokea chakula kwa watu, yaani mbwa wa nyumbani, pengine aliyechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa mwaka huo huo. Nyumba iliyobaki bila mlinzi inatafuta mtoto wa mbwa mwezi unaofuata, na mtoto huyo hana kinga. Kichaa cha mbwa kinakatika pale angalau asilimia 70 ya mbwa wanapochanjwa, na kampeni inarudiwa kwa sababu wanazaliwa wengine kila mara. Ukiwaua waliochanjwa, umejirudisha nyuma mwenyewe.

Kituo cha kuwakusanya ndicho kinachonichosha zaidi, maana wanaokipendekeza ni watu wema na hawataki kusikia. Katika mji ambao mwenye mbwa hana franga za kumtibu upele, kituo kikifunguliwa hakijai mbwa wasio na nyumba. Kinajaa mbwa wa watu. Mama analeta jike lake kwa sababu limezaa tena. Kijana analeta mbwa mwenye kidonda. Mpangaji analeta wake kwa sababu mwenye nyumba amesema ama mbwa ama wewe. Kila mmoja alikuwa na shida moja, ndogo, yenye dawa. Sasa shida hiyo imegeuka mnyama anayelishwa kila siku na mfadhili. Na ukiwaweka mbwa wengi pamoja, parvo na distempa, magonjwa ya mbwa ya kuambukiza, yanaingia, na wanaoanza kufa ni watoto wa mbwa, ambao ndio pekee watu wangekuja kuwachagua.

Kwa hiyo pesa ianze kwenye parsele. Chanjo, dawa ya minyoo, dawa ya upele, na kufunga uzazi wa majike. Na chanjo iwe bure. Hapa sitaki mjadala mrefu. Kule N'Djamena, mji mkuu wa Chad, wenye mbwa walipotakiwa kulipa, waliochanjwa hawakufika hata theluthi. Kampeni za bure za mwaka 2012 na 2013 zilivuka asilimia 70, na maambukizi yakakatika kwa muda. Mji ulikuwa uleule.

Kuna mambo madogo ambayo mipango iliyoandikwa ofisini inayasahau. Wanaoleta mbwa kwenye chanjo ni watoto, basi siku iwe ya mapumziko, na mahali pawe karibu kiasi cha mtoto kufika kwa miguu. Wengi hawana kamba, na wazazi wanaogopa kumshika mbwa ambaye hajawahi kufungwa. Basi kamba itolewe siku chache kabla, pamoja na ukanda wa shingoni. Ukanda huo unafanya kazi kuliko bango lolote: siku inayofuata mtaa mzima unamwona mbwa yuleyule na kujua ana watu wake. Nyumba kumi, yaani kiongozi wa nyumba kumi za mtaa, ahusishwe mapema, maana yeye anajua nani ana mbwa na nani amehama.

Wapo wasio na mwenyewe kweli, na hao ndio wa kutafutiwa nyumba. Watoto wa mbwa majike wanaotupwa, kwa sababu kila mtu anataka dume. Mbwa walioachwa familia ilipokimbia vita na haikurudi. Mbwa wa mtaa wa Himbi walioachwa na wafanyakazi wa mashirika mkataba ulipoisha, waliozoea chakula cha mfuko na kulala ndani. Hawa wakae kwenye nyumba za kuwalea kwa muda, mmoja au wawili kwa nyumba, wapate dawa na kuzoea watu. Kabla hawajakabidhiwa, mwenye nyumba wa mpangaji aweke sahihi yake. Bila sahihi hiyo, mbwa atarudi barabarani.

Wanaochukua mbwa wananiambia jike halindi, na mbwa akishiba analala. Jike analinda. Na kule Rumangabo, mbwa wa Hifadhi ya Virunga waliofunzwa kufuata nyayo za majangili walikuwa wanakula vizuri, wanaogeshwa, wanatibiwa, na kazi waliifanya.

Linalonikosesha usingizi ni jingine. Mbwa aliyeokotwa hawezi kupimwa kichaa akiwa hai. Uhakika unapatikana kwenye ubongo baada ya kufa. Zile siku 10 za kumchunguza mnazozisikia ni za mbwa aliyemng'ata mtu, za kujua kama alikuwa na virusi kwenye mate siku ile. Hazisemi chochote kuhusu mbwa aliyeng'atwa mwezi uliopita, maana ugonjwa unaweza kukaa kimya kwa miezi. Vitabu vinataka kutengwa kwa muda mrefu. Hapa, ukimtenga mbwa nusu mwaka hakuna atakayemlea, na ukimtoa baada ya wiki mbili unahatarisha watoto wa nyumba hiyo. Mimi namchanja siku ya kwanza, namweka kwa mlezi asiye na watoto wadogo kwa miezi miwili au mitatu, na najua muda huo ni mapatano kati ya hatari mbili.

Ndiyo maana kila anayechukua mbwa namwambia papo hapo, hata kama ananiona namtisha: akikung'ata, au akikukwaruza ngozi ikachubuka, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu nenda siku hiyo hiyo ukaulize chanjo ya mtu. Usingoje mbwa aonyeshe dalili, na usiache kwenda kwa sababu unamjua mwenyewe.