Nyumba ya fremu ya chuma: joto la Moshi hushukia batini

Saa nane mchana mwezi Februari, ndani ya nyumba ya fremu ya chuma chepesi pale Pasua, mjini Moshi, inua kiganja karibu na dari bila kuigusa. Kikihisi joto kama mbele ya jiko la mkaa, shida iko juu, na feni haitaimaliza.

Ukuta wa tofali huchukua saa kadhaa kupata moto. Bodi nyembamba zinazofunika fremu ya chuma hazina uzito wa kulimeza joto: jua likiwaka, ndani nako kunawaka. Neema yake ni kwamba jua likizama hupoa upesi, mradi ufungue madirisha ya pande mbili zinazotazamana.

Chagua bati jeupe. Chini yake weka foili (karatasi ya alumini), uso unaong'aa utazame chini ili usishike vumbi, na uachiwe uwazi wa hewa wa milimita 25 au zaidi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea: foili ikibanwa kati ya bati na pamba ya kuzuia joto, joto hupita kwa kugusana na mng'ao hauna kazi tena. Juu ya dari tandaza pamba ya mawe (nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa) ya unene wa milimita 100, wala fundi umeme asiikanyage, maana kinachozuia joto ni hewa iliyomo ndani yake.

Hewa ya darini nayo lazima itoke. Kwa nyumba ya mita za mraba 60, matundu yafikie jumla ya mita ya mraba 0.4, nusu upenuni na nusu chini ya kofia ya paa, pale kileleni. Wavu wa mbu hubana hewa, kwa hiyo ongeza ukubwa wa matundu.

Kuta zina mtego wake. Chuma hupitisha joto mara mamia kuliko mbao, hivyo hata ukijaza pamba kati ya nguzo, joto litapita kwenye nguzo zenyewe. Kabla ya kufunga bodi ya nje, bandika juu ya kila nguzo ukanda wa povu gumu wa milimita 10, kisha tumia skrubu ndefu zaidi.

Upenu wa sentimita 60 hadi 90 hukinga madirisha ya kaskazini na kusini. Jua la jioni huja limelala na kupita chini ya upenu. Upande wa magharibi unahitaji baraza au mti.

Arusha, usiku wa Juni na Julai usio na mawingu, bati hupoa kuliko hewa yenyewe. Mvuke wa jikoni ukipenya kwenye tundu la taa hugeuka matone chini ya bati, yakalowesha pamba na kuacha madoa ya kahawia darini. Ziba matundu ya taa, na bomba la moshi wa jiko litokeze nje ya paa, lisiishie darini.