Kalamu Mpya za Wino kwa Wakusanyaji: Dhana Potofu na Ukweli

Watengenezaji wa kalamu za wino hutoa matoleo mapya mwaka hadi mwaka, na kila toleo huja na sifa zake: rangi ambayo haijapata kuonekana, nakshi ya mkono, nibu (ncha ya kuandikia) ya dhahabu, idadi ndogo. Sifa hizo mara nyingi ni za kweli. Tatizo ni maana ambayo mnunuzi huzipa, kwani wengi hulipia sura ya nje wakiamini kwamba wamenunua mwandiko bora.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba toleo jipya ni kalamu mpya. Kalamu iitwayo Safari, ya kampuni ya Lamy ya Ujerumani, iliingia sokoni mwaka 1980, na kwa miaka mingi sasa imekuwa ikitolewa katika rangi maalumu za mwaka, ambazo wakusanyaji huzigombania. Chini ya rangi hiyo, umbo ni lilelile, plastiki ya ABS ni ileile, na nibu ya chuma hubadilishana na ya Safari nyingine yoyote. Kukusanya rangi ni starehe halali kabisa, lakini anayetafuta kalamu inayoandika tofauti atafaidika zaidi kwa kubadilisha nibu, jambo ambalo hugharimu pungufu ya bei ya kalamu nzima.

Kuhusu nibu yenyewe, inaaminika kwamba dhahabu ndiyo inayoteleza juu ya karatasi. Karati 14 ni dhahabu ya asilimia 58.5, karati 18 ni asilimia 75, na kampuni ya Sailor ya Japani hufika karati 21, yaani asilimia 87.5. Hata hivyo, dhahabu ni laini na ingelika upesi, kwa hiyo sehemu inayogusa karatasi ni kitone cha metali ngumu kilichounganishwa nchani, na nibu nzuri za chuma huwa nacho vilevile. Ulaini wa mwandiko hutokana na jinsi kitone hicho kilivyosuguliwa na jinsi meno mawili ya nibu yalivyolingana. Dhahabu ina faida yake, kwani haishiki kutu hata kwa wino mkali.

Mahali ambapo upotoshaji ni mkubwa zaidi ni kwenye kalamu za Kijapani zilizopakwa urushi. Wengi huiona kama rangi ya dukani inayong'aa, iliyopakwa mara moja ikakauka. Urushi ni utomvu wa mti, na haukauki kwa kupoteza maji. Hugandishwa na kimeng'enya kilichomo ndani yake, ambacho huhitaji joto la wastani na unyevu mwingi hewani, hali inayokaribia ile ya Dar es Salaam wakati wa masika. Fundi hupaka tabaka jembamba, huliweka katika kabati lenye unyevu, hulisugua, kisha hurudia tena na tena. Katika nakshi ya maki-e, mchoro huchorwa kwa urushi mbichi, na unga wa dhahabu hunyunyizwa juu yake kabla haujaganda. Kazi ya namna hiyo huweza kuchukua miezi, na hapo bei kubwa ina sababu yake. Urushi mbichi huwasha ngozi vibaya, lakini ukishaganda sawasawa huwa salama mkononi kwa watu walio wengi, tena haudhuriwi kirahisi na maji wala wino. Adui yake ni jua. Kalamu ya urushi inayowekwa dirishani ili wageni waione hupoteza mng'ao wake polepole.

Wapo pia wanaodharau kila kalamu ya plastiki. Parker 51, iliyotangazwa mwaka 1941, ilikuwa na mwili wa Lucite, aina ya plastiki ya akriliki. Lamy 2000 ya mwaka 1966 ni ya Makrolon, plastiki ya polikaboneti, iliyotiwa nyuzi za kioo, na bado inatengenezwa. Ukilinganisha, seluloidi ya zamani, yaani nitroselulosi iliyochanganywa na kafuri, ambayo wengi huisifu kwa kina cha rangi zake, hushika moto kwa urahisi, na zile zenye rangi nyepesi hugeuka manjano au kahawia kwa mvuke wa mfuko wa mpira wa kuhifadhi wino uliomo ndani ya kalamu yenyewe.

Imani ya mwisho ni kwamba idadi ndogo huhakikisha bei kupanda, lakini idadi si kitu pekee kinachoifanya kalamu itafutwe. Mwaka 1965 Parker ilitoa kalamu 4,821 za Parker 75 zilizotengenezwa kwa fedha iliyoopolewa kutoka meli za Hispania zilizozama mwaka 1715 karibu na Florida. Upande wa pili ipo Hemingway ya Montblanc ya mwaka 1992, iliyotolewa kalamu 20,000, idadi ambayo si ndogo hata kidogo, na bado hutafutwa sana kwa kuwa ndiyo iliyofungua mfululizo wa kalamu zenye majina ya waandishi. Mnunuzi asome pia tangazo kwa makini: "toleo maalumu" si lazima liwe na ukomo wa idadi, na namba iliyochongwa kwenye kifuniko huhesabu toleo hilo peke yake, wala haimzuii mtengenezaji kurudi mwaka unaofuata na umbo lilelile katika rangi nyingine.