Wingu la usiku Ziwa Victoria: lisome mapema, rudi mapema

Wavuvi wa dagaa hutafuta usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, kwa kuwa ndipo taa huvuta samaki. Saa hizo hizo ndizo za mvua za radi ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani na anga la huko hubaki jeupe. Usiku nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, na upepo hutoka pande zote za ufuko kuelekea ziwani. Pepo hizo zikikutana, hewa yenye unyevu hupanda na mawingu ya radi hujengeka, hasa kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri. Jioni tulivu pale Kirumba, Mwanza, haikuambii lolote kuhusu saa tisa usiku. Pata utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wa Ziwa Victoria kabla hujawasha injini.

Ukiwa majini, hesabu sekunde kati ya mwanga wa radi na ngurumo, kisha gawa kwa tatu: hizo ni kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na hapo radi yaweza kukupiga hata kabla ya tone la mvua. Mimi nasema geuza mtumbwi sekunde zikiwa bado nyingi, maana mtumbwi uliojaa hauwezi kulikimbia wingu. Nenda kisiwa cha karibu. Kung'ang'ania mwalo wa nyumbani ndiko kunakoua.

Upepo wa baridi ukikupiga ghafla, hiyo ni hewa inayoporomoka kutoka winguni, na umebakiwa na dakika chache tu. Kila mtu awe ameshavaa jaketi okozi; lililo chini ya nyavu halivaliki chombo kikiyumba. Mzigo ukae chini, katikati, umefungwa. Chota maji mapema: yakijaa hukimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi.

Ziwa hili halina kina kirefu, wastani wake ni kama mita 40, na mawimbi yake ya dhoruba ni mafupi, yamesimama na yanafuatana upesi. Yapokee kwa mbele, mshazari kidogo, injini ikiwa taratibu; kamwe si kwa ubavu. Injini ikizima, funga ndoo au furushi la nyavu kwenye kamba ndefu iliyofungwa mbele ya mtumbwi, ulitupe majini. Litavuta na kuuweka mtumbwi ukitazama upepo. Mara nyingi kinachozima injini ni maji ndani ya petroli au plagi chafu, hivyo chuja mafuta ukiwa nchi kavu na beba plagi ya akiba pamoja na spana yake kwenye kopo lisiloingia maji.

Kwa abiria, hatari haiishi ufuko unapoonekana. MV Nyerere, kivuko kilichozidisha watu na mizigo, kilipinduka Septemba 20, 2018 kikiwa karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 walikufa. Wote wabaki wameketi hadi kamba ifungwe, na nahodha awaambie hivyo kabla ya safari kuanza.