Bobini Haina Kosa

Jumamosi iliyopita kililetwa cha nne mwezi huu. Cherehani cha kukanyaga, kichwa chake tu, kimefungwa kwenye khanga na kupakiwa kwenye bajaji kutoka Nkuhungu hadi hapa Majengo, Dodoma. Mwenyewe ni mama mtu mzima, anashona nyumbani foronya na sare za wajukuu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na kabla hajakaa akanitia mkononi kikebe cha bobini, kile kinachobeba kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. "Mwanangu, hiki kimekufa. Kinatafuna uzi. Nitafutie kingine nikulipe." Nikakigeuza nitazame skrubu ya pembeni, inayobana uzi huo. Imekazwa mpaka kichwa chake kimechubuka.

Wale watatu waliomtangulia walikuja na maneno hayohayo na skrubu zilizochubuka hivyohivyo. Mmoja alikuwa ameshanunua vikebe viwili vipya. Kwa hiyo leo naandika, maana kulirudia kwa mtu mmoja mmoja kumenichosha: uzi ukivurugika chini ya kitambaa, kosa liko juu. Bobini haina kosa.

Mama hakuniamini, na simlaumu, kwa sababu macho yanamwonyesha fundo liko chini, na kilicho chini ni bobini. Nikatia uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, bila kugusa kitu kingine, nikamwambia akanyage. Mishono minane tu, kitambaa kikagoma. Tukakigeuza. Chini pana kichaka cha uzi kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na chote chekundu. Mweupe umenyooka katikati yake kama kamba ya kuanikia nguo. Akanyamaza, akakishika kwa kucha, akasema, "Kumbe ni huu wa juu."

Ndiyo, ni huu wa juu, na sababu yake si uchawi. Sindano inashuka na uzi. Ikianza kupanda, uzi unalegea kidogo na kufanya kitanzi. Ndoano iliyo chini inakidaka hicho kitanzi na kukizungusha kuizunguka bobini nzima. Fikiria ukubwa wa bobini, kisha fikiria urefu wa mshono mmoja. Uzi ulioshushwa ni mwingi mara nyingi kuliko unaobaki kwenye mshono. Ule wa ziada lazima urudishwe juu, na anayeurudisha ni ule mkono wenye tundu unaopanda na kushuka mbele ya cherehani. Tangu Elias Howe apewe hataza ya cherehani chake Marekani mwaka 1846, nyuzi mbili zinafumbatana kwa kanuni hiyohiyo. Uzi ukiruka tundu la ule mkono, au visahani vya tensheni, vile viwili vinavyobana uzi wa juu, visipoubana, ziada inabaki chini. Mshono wa kwanza unaacha kitanzi, wa pili kitanzi, wa kumi umeshafunga kichaka.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote, na hapa naomba msome taratibu. Watu wengi wanatunga uzi mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa chini ya sindano, ukiwa chini. Mguu ukiwa chini, visahani vya tensheni vimebana. Uzi unaoupitisha hapo hauingii katikati yake; unakaa ukingoni, juujuu, na kwa macho unaonekana umepita vizuri kabisa. Unakagua njia yote kuanzia kigurudumu cha uzi hadi sindano, huoni kasoro, na unaishia kuilaumu bobini. Inua mguu kwanza. Mguu ukiwa juu visahani vinaachia, uzi unazama mahali pake. Ukimaliza kutunga, teremsha mguu, halafu shika uzi karibu na sindano uuvute. Unapaswa kukataa, mpaka sindano ijipinde kidogo. Inua mguu, vuta tena: unateleza kama hauna mwenyewe. Usipohisi tofauti hiyo kwenye vidole, usishone. Tunga upya. Ni kazi ya sekunde kumi, na kwa vyerehani vitatu kati ya vile vinne ndiyo dawa pekee iliyohitajika.

Halafu kuna wanaotunga vizuri wakaanza kushona wamesahau kuteremsha mguu. Kitambaa kikiwa kinene, mguu ulioinuka unakaribia kukigusa, kwa hiyo hushtuki. Visahani viko wazi, uzi unamwagika wote chini.

Cha nne, cha huyu mama, kilikuwa na jingine, na hili ni letu watu wa Dodoma. Vumbi. Mvua ikishakatika tunakaa miezi mingi na upepo mkavu, na vumbi jekundu linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Linachanganyika na manyoya ya uzi, linatulia katikati ya visahani na kuvizuia visifunge. Nikainua mguu, nikachukua kipande cha pamba chembamba, nikakipitisha katikati ya visahani na kukivuta huku na huku. Kikatoka na utepe wa uchafu wa rangi ya udongo, mrefu kama ukucha. Kile ndicho alichotaka kukilipia kikebe kipya. Mafuta nayo: tia tone, futa yanayobaki, shona kwanza kwenye kitambaa kibovu. Cherehani kinachochuruzika mafuta kwa vumbi la hapa kitakuwa na tope ndani baada ya wiki.

Skrubu ya kikebe ina kazi yake, sikatai. Ning'iniza kikebe kwa uzi wake, kitikise mara moja: kishuke kidogo, kisimame. Kikiporomoka chote, kaza. Kikigoma kabisa, legeza. Robo ya mzunguko, si zaidi, kisha ujaribu tena. Ukiona vitanzi vimejitokeza upande wa juu wa kitambaa, hapo ndipo ukamtazame bobini, na hata hapo huenda umekaza mno tensheni ya juu.

Kinachonifanya niwe mkali mwezi huu ni kwamba madhara ya skrubu iliyokazwa yako mezani kwangu. Ninashona mfarishi wa viraka kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai, ambayo watu wa Pwani hawaamini kama ipo Tanzania hii. Juu vitenge, katikati blanketi kuukuu, chini khanga. Viraka ni inchi tano kwa tano, mshono robo inchi, kumi na viwili kwa safu, kwa hiyo safu inatoka inchi hamsini na nne na nusu. Safu ya tatu ikatoka hamsini na mbili na nusu. Nikapima viraka, viko sawa. Nikapima mishono, robo inchi kila mahali. Kumbe binti ninayemfundisha alikuwa amekaza juu na chini "ili mshono uwe imara", na nyuzi zikavuta kitambaa kikasinyaa kidogo kwenye kila kiungo. Safu ilipokaa peke yake hukuona kitu. Tulipoilaza juu ya mwenzake, pembe za viraka zikapishana. Tumeifumua yote.

Kwenye tabaka tatu nina mashaka ambayo hakuna fundi aliyeniondolea. Tunafundishwa nyuzi zifumbatane katikati ya kitambaa. Katikati ya mfarishi ni blanketi, laini, linalobonyea tofauti kila sehemu. Ninachofanya ni kuchukua mabaki ya tabaka zilezile, kupiga bandi, kushona juu yake, na kulegeza tensheni ya juu kidogo kidogo mpaka pande zote mbili zinipendeze machoni. Kesho yake, kwa uzi uleule, wakati mwingine mapendezi hayo yameshahama. Na cherehani kikiruka mishono nabadilisha sindano, kinapona, kisha naitazama ile ya zamani kwenye mwanga na sioni ubaya wowote. Siwezi kukueleza ilikuwa na nini.

Yule mama nilimrudishia kikebe chake kilekile, skrubu nimeilegeza. Alitunga uzi mwenyewe mara tano mbele yangu, mguu juu, na kila mara nikauvuta kabla sijamruhusu akanyage. Mara ya tano sindano ikajipinda kama inavyotakiwa. Akaniomba ule utepe wa uchafu, akaufunga kwenye kona ya khanga akamwonyeshe jirani yake, ambaye naye anatafuta kikebe kipya.