Banda la mbao hufa miguuni

Chukua bisibisi, nenda kwenye banda lolote la mbao hapo nyumbani lililokwisha pata miaka mitatu minne, piga goti, kisha dunga nguzo. Usawa wa kifua bisibisi itagoma. Dunga tena pale nguzo inapoingia ardhini. Mara nyingi itazama kama umedunga muhogo wa kuchemsha.

Kuvu wanaoozesha mbao wanataka unyevu na hewa kwa pamoja, na mahali pa kupata vyote viwili ni hapo usawa wa udongo. Chini zaidi hewa ni haba. Juu, jua na upepo huikausha mbao, na mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 kuvu hawaiwezi. Mchwa nao hupandia hapohapo. Kwa hiyo mtu anayeniuliza gharama ya jiko la nje, banda la mbuzi au stoo, mimi humuuliza kwanza nguzo zake zitasimama juu ya nini. Bati tutaliongea baadaye.

Banda la mbuzi la baba yangu lilikuwa na nguzo za milingoti michanga, imekatwa Jumatatu na kuchimbiwa Jumamosi. Mti mchanga karibu wote ni ule weupe wa nje, ambao bado una chakula cha wadudu. Kiini chenyewe, kinachostahimili, hakijawa cha maana. Msimu wa pili wa mvua banda lililala chini na mbuzi wakahamia jikoni kwa mama. Hakufurahi.

Kama mfuko unaruhusu, nunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, zile zenye rangi ya kijani. Dawa imeingia ndani ya mti, haikupakwa tu. Ukikata nguzo hiyo kupata urefu, upande uliokatwa uwe juu, usiuingize shimoni, maana msumeno umefichua moyo ambao dawa haikuufikia. Chini ya shimo tanguliza kokoto ili maji yasituame. Kiini cha mvule au mninga pia hudumu, ila bei yake ni ya kutengenezea kabati, si banda la kuku. Oili chafu ambayo wengi tunapaka haipenyi ndani. Maji hupita kwenye nyufa, na oili yenyewe huishia kwenye udongo wa bustani.

Njia ninayoipenda zaidi kwa mwenye mbao za kawaida ni kutoichimbia nguzo kabisa. Jenga kiguzo cha zege kinachotokeza futi moja juu ya ardhi, zamisha humo chuma bapa zege likiwa bichi, kisha funga nguzo kwenye chuma kwa bolti. Mchwa akitaka kupanda itabidi ajenge njia yake ya udongo juu ya zege, mahali unapomwona. Ila ujue umelipa kitu: nguzo iliyochimbiwa futi mbili husimama yenyewe, na hii ya juu ya zege haisimami. Sasa kazi yote ya kuzuia banda lisipepesuke imehamia kwenye pembetatu.

Pigilia vijiti vinne kuwa mstatili, msumari mmoja kila kona, halafu sukuma. Unalala. Ongeza kijiti cha tano toka kona hadi kona, sukuma tena. Hausogei, kwa sababu sasa ni pembetatu. Basi kila ukuta upate mbao ya mshazari, kutoka karibu na mguu wa nguzo hadi kwenye boriti ya juu, ile mtambaapanya. Mafundi wengi huiweka wakati wa kusimamisha, kisha huing'oa kwa kuwa "inaharibu sura". Mwambie fundi aiache.

Tuchukue banda la futi 9 kwa 12, nguzo sita, tatu mbele na tatu nyuma. Kipimo hiki nimekichagua kwa uvivu: ukivuta futikamba kutoka kona hadi kona lazima upate futi 15 kamili, pande zote mbili. Ukipata 15 upande mmoja na 14 na nusu upande wa pili, hamisha vigingi kabla hujachimba chochote. Nguzo za mbele ziwe futi 8 juu ya ardhi na za nyuma 6 na nusu, maji yatajimwaga nyuma.

Makombamoyo, zile mbao zinazobeba paa kutoka mbele hadi nyuma, yawe ya inchi 2 kwa 6, zimesimama kwa ubavu. Hapa ndipo mbao nzuri hupotezwa. Hata ile ya 2 kwa 4, ukiilaza badala ya kuisimamisha, nguvu yake inabaki nusu, na kunepa kwake kunazidi mara nne. Msumari uanzie kwenye mbao nyembamba uingie kwenye nene, na uwe na urefu angalau mara mbili ya unene wa ile nyembamba. Usitegemee msumari uliopigwa kwenye kichwa cha mbao, kwa kufuata nyuzi zake; hung'oka kirahisi.

Upepo haulisukumi paa tu, hulinyanyua. Kwa hiyo kila kombamoyo lifungwe kwenye mtambaapanya kwa mkanda wa bati au waya mnene wa mabati uliozungushwa na kukazwa, zaidi ya misumari. Misumari ya bati, yenye mpira, ipigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita. Bati litokeze futi mbili nje ya nguzo, mvua isizipige miguuni.

Kila mwaka kabla ya masika rudi na bisibisi yako. Na vipande vilivyobaki vya zile nguzo za kijani visiende mafigani. Dawa yake mara nyingi ina arseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Wala visitengenezwe hori, mbuzi hulamba.