Je, wajua kwa nini miji ya kambi za jeshi Marekani ina maduka ya kimchi?

Ukipita nje ya kambi ya Fort Hood, katika mji wa Killeen, Texas, utakuta makanisa yenye vibao vya Kikorea na maduka yanayouza kimchi, ile kabichi iliyochachushwa kwa pilipili na kitunguu saumu. Ni hivyo hivyo Clarksville, Tennessee, na Lakewood, jimbo la Washington. Killeen haina bandari wala si jiji kubwa la pwani kama Los Angeles. Wakorea walifikaje huko?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa jepesi: vita. Vita vya Korea vilianza Juni 1950, vikasimama Julai 1953, watu wakakimbia, wengine wakaangukia Marekani. Nililisema bila kusita, na nilikuwa nimekosea.

Hesabu yenyewe inakataa. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1924 iliwafungia mlango Waasia. Ile ya 1952 iliufungua kidogo tu: Korea ilipewa nafasi 100 kwa mwaka. Watu mia! Hawajazi hata mabasi mawili. Wimbi la wakimbizi halipiti kwenye tundu hilo. Niliposahihishwa nikarukia kosa la pili: basi walikuwa wanafunzi na wafanyabiashara. Hao walikuwepo, hasa baadaye, lakini mwanafunzi ana lipi la kumpeleka mlangoni pa kambi ya jeshi?

Aliyepita ni mke. Mke wa raia wa Marekani hakuhesabiwa ndani ya zile nafasi 100. Vita viliposimama, wanajeshi wa Marekani walibaki Korea Kusini (hata leo wako kama 28,500), wakaoa huko, na mume alipohamishiwa Texas au Georgia, mke akafuatana naye. Kati ya 1950 na 1989 wanakadiriwa kufika wanawake karibu 100,000.

Mke wa mwanzo hakukuta duka lolote. Alitumia kabichi ya kawaida, ile ya mviringo, na pilipili yoyote ya unga aliyoipata, akashindilia kwenye chupa, kisha akavumilia malalamiko ya mumewe kuhusu harufu ya friji.

Maduka yalikuja na ndugu zake, na hapa ndipo panaponifurahisha. Sheria ya 1965, iliyosainiwa na Rais Lyndon Johnson, iliacha kugawa nafasi kwa kuangalia taifa, ikatanguliza undugu. Fikiria mgomba. Unapanda chipukizi moja. Likishashika, pembeni yake yanachomoza mengine, na kila moja nalo linatoa ya kwake. Mke huyu, kwa kuwa mumewe ni raia, anaweza kuomba uraia baada ya miaka 3 badala ya 5. Akiupata, anawaita wazazi, ambao hawawekewi kikomo cha idadi. Anamwita na kaka yake. Huyo atapanga foleni, tena ndefu, ila zamu yake ikifika anakuja na mkewe na watoto. Sasa mwangalie huyo wifi. Hana damu na mke wa mwanajeshi, lakini akipata uraia ana haki ile ile: anawaita wazazi wake, anamwita dada yake, na dada anakuja na mumewe. Ukifika shambani baada ya miaka 20 unaona kichaka cha migomba. Shina la kwanza hulioni.

Tena mgomba ukishazaa hukatwa. Wengi wa wanawake hawa walionja kitu kama hicho. Kwao Korea waliitwa yanggongju, "binti mfalme wa Kizungu", tusi walilotupiwa makahaba wa kambini, hata kama mke mwenyewe alikuwa karani tu. Na jamaa waliosafiri kwa fomu alizojaza yeye, mara nyingine hawakutaka habari zake zitajwe kanisani.

Wapo wanaodai kwamba karibu nusu ya Wakorea waliohamia baada ya 1965 wanatokana na wake hao. Mimi ningesema "wengi" nikaishia hapo, kwa sababu faili la uhamiaji linaonyesha nani kamwita nani hatua moja nyuma, si hatua nne.

Jina nalo linawaficha. Korea mwanamke akiolewa hubaki na jina la ukoo wake, na majirani humwita mama fulani, kama sisi tunavyosema Mama Juma. Marekani alichukua jina la mumewe, akawa, tuseme, Bi. Johnson. Watafiti waliotaka kuwapata Wakorea walikuwa na ujanja mzuri: fungua kitabu cha simu, chagua kina Kim, maana takriban Mkorea 1 kati ya 5 ni Kim. Bi. Johnson hayumo.

Hines Ward, aliyezaliwa Seoul na kulelewa Georgia na mama aliyefanya kazi tatu, alikuwa mchezaji bora wa fainali ya ligi ya futiboli ya Kimarekani mwaka 2006. Marilyn Strickland, naye mzaliwa wa Seoul, baba yake mwanajeshi Mmarekani mweusi, aliapishwa kuwa mbunge Januari 2021 akiwa amevaa hanbok, vazi la Kikorea, kwa heshima ya mama yake. Mama zao wote wawili ni kina Kim. Katika kitabu cha simu, ungewatafuta watoto hao kwenye W na S.